Mkutubi asiyepelekwa semina ajiendeleze vipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkutubi wa shule binafsi ya sekondari hapa Bagamoyo. Stashahada ya ukutubi niliisomea hapa hapa mjini, nikahitimu 2012, na tangu hapo sijapelekwa semina hata moja. Nikiomba, mkuu wa shule ananiambia fedha za mafunzo ni za walimu. Wenzangu niliosoma nao wako vyuo vikuu vya Dar es Salaam, na kila wiki wanatuma vyeti vya webina kwenye kundi letu la WhatsApp. Mimi bando lenyewe ni la kuungaunga. Naona nimeachwa nyuma. Nirudi kusoma digrii, nikusanye vyeti kama wao, au nifanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili usilitafute mpaka chini: digrii isubiri kidogo, na vyeti visikuumize kichwa. Anzisha daftari, halafu mwombe mkuu wako saa mbili kwa wiki. Fedha usimwombe kwa sasa.

Nieleze kwa nini, maana jambo hili ninalijali sana na nimewaona wakutubi wengi wa shule wakikata tamaa palepale ulipo wewe.

Mwenzako wa chuo kikuu ana wakutubi wenzake ndani ya jengo moja. Akikwama kwenye kuainisha kitabu anamuuliza wa meza ya pili, jambo linaisha. Anajifunza kutwa nzima bila kujua kama anajifunza. Wewe uko peke yako na funguo zako. Ukibandika namba isiyo sahihi leo, hakuna wa kukurekebisha, na kosa hilo litakaa kwenye rafu mpaka siku utakayostaafu. Kwa hiyo anayehitaji kujiendeleza kwa mpangilio zaidi ni wewe, wala kukosa semina hakukuondolei haja hiyo.

Sasa daftari. Liweke kwenye meza ya kuazimia, kubwa, la mistari, lisilotoka hapo. Kila msomaji akija na haja ukashindwa kumtimizia, au ukamtimizia nusu, andika tarehe, alichotaka kwa maneno yake mwenyewe, ulichompa, na kilichokukwamisha. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Je, kitabu hamna kabisa? Kipo, ila hukukiona? Kinapatikana mtandaoni, ila hukujua pa kutafuta? Au hukujua sheria na taratibu zinasemaje? Kama kitabu hamna, hilo ni suala la bajeti, litasubiri. Hayo mengine matatu ni mafunzo yako, na hakuna mtu wa semina ya hotelini anayeweza kukupangia kwa usahihi kama hivyo.

Nikupe mfano. Mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye mama yake analima mwani kule Mlingotini anakuja kuuliza kwa nini mwani unageuka mweupe na kukatikakatika. Unakwenda rafu ya mimea, kwenye 580 na kuendelea kwa namba za Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, unakuta kitabu kimoja cha zamani kimewekwa 589. Unampa, anashukuru, anaondoka. Kumbe kuna kitabu kingine, kipya na kizuri zaidi, kimekaa 579 pamoja na vitabu vya bakteria na kuvu, ambako hukufikiria kutazama. Na kuna kijitabu cha ukulima wa baharini kiko 639, huko kwenye kilimo na ufugaji wa samaki. Mtoto amepata kimoja kati ya vitatu, tena kilicho dhaifu kuliko vyote.

Kilichotokea ni hiki. Toleo la 21 la mfumo wa Dewey, lililotoka 1996, lilihamisha mwani, kuvu na bakteria kutoka 589 kwenda 579. Maktaba zetu za shule nyingi zimejengwa kwa vitabu vya msaada vya miaka tofauti, kila kimoja kikija na namba yake imechapwa nyuma ya ukurasa wa jina, na mtu wa kabla yako aliinakili tu kama alivyoikuta. Cha 1985 kikaenda huku, cha 2003 kikaenda kule. Aliyepitia chuo anaweza kabisa kuwa amefundishwa toleo la karibuni, lakini asijue kwamba rafu aliyorithi imechanganya matoleo mawili au matatu.

Kulirekebisha hilo ni kazi ya mchana mmoja au miwili. Unatoa vitabu vyote vya 589, unavipitia kimoja kimoja ukiwa na jedwali la Dewey mkononi, unaamua kila kimoja kihamie wapi ndani ya 579, unabadilisha lebo, unasahihisha rejista, na unaweka kibao kidogo kwenye rafu ya mimea kinachomwelekeza msomaji aangalie pia 579 na 639. Ukimaliza, unajua uainishaji wa sayansi ya viumbe kuliko ulivyoujua siku ya mtihani. Hakuna atakayekupa cheti. Lakini mwanafunzi anayefuata akiuliza habari za mwani ataondoka na vitabu vitatu, na hayo ndiyo maendeleo ya kitaaluma ninayoyaamini.

Andika daftari hilo kwa muhula mzima bila kuchoka. Kisha kaa, pitia, upange maswali kwa makundi. Utashangaa jinsi yanavyojirudia.

Nina hakika, kwa mfano, kwamba utakuta mambo ya sheria ambayo hukufundishwa, kwa kuwa hayakuwapo ulipokuwa chuoni. Mzazi anakuja mezani, anataka kujua binti yake ameazima vitabu gani tangu mwaka uanze. Unamfungulia rejista? Tangu uhitimu tumepata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na rejista yako ya waazimaji ni taarifa binafsi za watu. Mtoto aliye chini ya umri na mzazi wake wana nafasi yao ya pekee hapo, kwa hiyo usijiamulie papo kwa papo. Isome sheria yenyewe, kisha kaa na uongozi wa shule muandike utaratibu wa ukurasa mmoja: maktaba inaandika nini kuhusu msomaji, kwa sababu gani, inakaa muda gani, nani anaruhusiwa kuiona. Au amekuja mwanafunzi asiyeona vizuri, anahitaji sura mbili za kitabu kwa maandishi makubwa. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, unaolenga kuwafungulia njia wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi ya kawaida wapate nakala zinazowafaa bila kukwama kwenye hakimiliki. Mkutubi anayeujua mkataba huo anaweza kumsaidia mtoto huyo na kumweleza mkuu wa shule kwa nini. Asiyeujua atasema haiwezekani.

Mengine yatahusu vitabu vyenyewe. Uko Bagamoyo, masika ikishika hewa inakuwa maji matupu, na unajua harufu ninayoisema. Kuvu hushamiri unyevunyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 65 kwa muda, hasa pale hewa isipozunguka. Jifunze kulishughulikia hilo vizuri: kitabu chenye kuvu kitenge na vingine mara moja, kikaushe kivulini penye upepo, kuvu likishakauka litoe kwa brashi laini nje ya jengo huku umefunika pua na mdomo. Usilifute kwa kitambaa chenye maji, na usikianike kitabu juani, maana jua linapausha na kukausha karatasi mpaka inavunjika. Halafu uitafute sababu, na mara nyingi utakuta ni rafu iliyosukumwa ikagusana na ukuta unaopitisha unyevu. Ivute iachane na ukuta kwa kiganja kizima. Haya yanatosha siku moja ya mafunzo, na mwalimu wako ni jengo lako mwenyewe.

Lipo pia la kuacha. Utasikia wenzako wa vyuo vikuu wakizungumza habari za RDA, kanuni za kuorodhesha zilizotoka 2010 kuchukua nafasi ya zile za AACR2 za 1978. Zijue kwamba zipo na zinataka nini kwa jumla. Lakini kwa maktaba ya shule yenye vitabu elfu mbili tatu, usiku wako usiutumie huko. Mwanafunzi hataona tofauti.

Nije kwenye saa mbili. Shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, IFLA, lilitoa mwaka 2016 miongozo ya kujiendeleza kitaaluma. Inasema jukumu la kwanza la kujifunza ni la mkutubi mwenyewe, na papo hapo inamtwika mwajiri mzigo wake: atenge walau asilimia 0.5 hadi 1 ya bajeti ya taasisi kwa maendeleo ya watumishi, na takriban asilimia 10 ya saa za kazi zitumike kwa mafunzo, yakiwamo yale ya kujisomea. Kwa mwenye wiki ya saa 40, hizo ni saa nne. Huko Uingereza, chama cha wakutubi cha CILIP kinawataka wanachama wanaohuisha sifa zao kila mwaka waonyeshe walau saa 20 za kujiendeleza, na ukizigawa kwa majuma ya mwaka hazifiki hata nusu saa kwa wiki. Wewe ukipata saa mbili kwa wiki za muhula, unawapita mbali.

Mkuu wa shule anayesema hana fedha huenda anasema kweli. Ada zinachelewa, mishahara inamsubiri, na umemwomba nauli, posho na malazi ya siku tatu. Muda ni ombi la namna nyingine, maana anaweza kuutoa leo bila kuomba idhini ya bodi. Mwandikie barua ya nusu ukurasa. Usilalamike humo kwamba walimu wanapendelewa, hata kama ni kweli. Andika hivi, au unavyoona inafaa:

*Naomba kutengewa saa mbili kila Jumatano mchana, wakati wanafunzi wako michezoni, kwa ajili ya kujifunza na kurekebisha huduma za maktaba. Nimeambatisha orodha ya mahitaji ya wanafunzi na walimu ambayo maktaba ilishindwa kuyatimiza muhula huu, pamoja na mambo matatu ninayopendekeza kuanza nayo. Kila mwisho wa mwezi nitawasilisha taarifa fupi ya kilichobadilika.*

Hapo ndipo daftari linapokusaidia mara ya pili. Kiongozi anayesoma "nahitaji mafunzo" hana la kushika. Akisoma kwamba mwalimu wa baiolojia aliomba vitabu vya mwani na maktaba ikampa kimoja huku vingine viwili vikiwa kwenye rafu, ana jambo la kulifanyia uamuzi. Na taarifa ya mwezi uiwasilishe kweli, hata kama ni ya mistari sita. Saa hizo zikianza kuliwa na usimamizi wa mitihani au kusaidia ofisi ya mhasibu, taarifa hiyo ndiyo itakayozitetea. (Kwa wasomaji wetu walio serikalini: malengo ya kujifunza yaingizeni kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, mwanzoni mwa mwaka, yakiwa na matokeo yanayopimika. Lengo lisiloandikwa humo mnalifanya kwa hisani yenu tu.)

Sasa hao walimu wenye fedha za mafunzo. Usiwaone kama wapinzani. Walimu wa nchi hii wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo kiini chake ni jumuiya za kujifunza: walimu wanakaa shuleni kwao, wanajadili mada ngumu, mmoja anafundisha wenzake. Kama shule yenu inafanya hivyo, omba kuketi humo, hasa kipindi hiki ambacho mtaala mpya ulioanza 2024 unaendelea kupanda madarasa. Huhitaji kusema sana. Sikiliza wanapanga kufundisha nini mwezi ujao, wanafunzi watapewa kazi gani za mradi, walimu wenyewe wanahangaika wapi. Wiki inayofuata mpelekee mwalimu wa jiografia vitabu viwili na kurasa zilizowekewa alama, na umwonyeshe maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kama bado hajaizoea. Kufika mwisho wa mwaka, siku bajeti inajadiliwa, hutakuwa peke yako unayeisemea maktaba.

Na hapa niseme jambo ambalo nadhani hujaliona kwa kuwa uko karibu nalo mno. Chuo cha ukutubi cha SLADS kiko hapo hapo Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Vijana wanatoka mikoa ya mbali, wanapanga vyumba mjini, wanasoma miaka miwili mitatu ili wapate ulichonacho. Wewe unaweza kwenda kwa miguu. Umehitimu pale, una haki ya kupiga hodi. Nenda kwa heshima, umwone mkufunzi aliyekufundisha kama bado yupo, au anayefundisha uainishaji sasa, umwambie una maswali matatu mahususi kutoka kwenye daftari lako. Mkufunzi anayeletewa maswali ya kweli kutoka rafu ya kweli hufurahi, kwa sababu darasani anatumia mifano ya kubuni.

Halafu jitolee kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, fildi kama wenyewe wanavyoita. Wakutubi wengi wa shule wanawakwepa kwa kudhani ni mzigo. Mimi nasema hakuna semina inayoifikia fildi iliyopokelewa vizuri. Kijana anakuja na madaftari mapya, ameona Koha, programu ya kuendeshea maktaba, ikifanya kazi, anajua mambo yaliyobadilika tangu 2012. Wewe una uzoefu wa miaka kadhaa mbele ya wasomaji halisi. Mpe kazi ya maana, mathalani kusimika Koha kwenye kompyuta moja ya maktaba na kuingiza vitabu mia vya kwanza. Koha haina ada ya leseni, ilianzia kwenye maktaba za umma za New Zealand mwaka 2000, na inaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti, kwa hiyo bando halikuzuii. Mkae pamoja, yeye akuonyeshe mfumo, wewe umwonyeshe kwa nini mwanafunzi wa kidato cha kwanza hatafuti kitabu kwa jina la mwandishi. Na mwanafunzi wa fildi akija, mkufunzi wake huja kumkagua, ukapata mtaalamu wa kukutazamia rafu zako bila gharama.

Watafute pia wakutubi wengine wa hapo mjini, wa shule na wa vyuo, mkutane mara moja kwa mwezi kwenye maktaba ya mmoja wenu kwa zamu. Sheria moja tu: kila anayekuja alete swali moja lililomshinda. Msifanye chama, msichague katibu wala mhazini mwaka wa kwanza. Nimeona vikundi vizuri vikifa kwa ajili ya katiba.

Kuhusu webina, zipo nzuri. Chagua zinazogusa jambo lililomo kwenye daftari lako, na mbili kwa mwaka zinatosha. Mara nyingi hurekodiwa, kwa hiyo waombe wenzako wa Dar es Salaam wakupakulie wakuletee kwenye flashi, au utumie bando la usiku. Cheti chake kinathibitisha kwamba ulikuwepo. Badala ya kukitundika, gawa ukurasa wa nyuma wa daftari lako katika safu tatu: nilichojifunza, nilichobadilisha maktabani, na ushahidi wake. Siku ya usaili, ukurasa huo uliojaa unazungumza na wajumbe kuliko faili la vyeti ishirini.

Nimalizie na digrii, ambayo siikatai. Kama una nia ya kuingia utumishi wa umma au chuo kikuu, elewa kwamba mwenye stashahada anaingia kama mkutubi msaidizi, na ngazi ya mkutubi inataka digrii. Hapo hakuna njia ya mkato, soma. Chuo Kikuu Huria kinakuwezesha kusoma bila kuacha kazi, na kwa mtu mwenye familia Bagamoyo hilo ni jambo kubwa. Lakini kama unachokimbia ni upweke wa kazi na hisia kwamba umeachwa, nakuomba usikope ada kwa ajili hiyo. Ufanye kwanza mwaka mmoja wa daftari na saa mbili. Baada ya mwaka huo utajua unataka kusomea nini hasa, na mada ya utafiti wako utakuwa unayo tayari, imeandikwa kwa mkono wako, na wasomaji wake unawajua kwa majina. Wanafunzi wengi wa digrii wanahangaika mwaka mzima kutafuta mada ya namna hiyo.

Barua ya mkuu iandike wiki hii. Ipeleke kabla ratiba ya muhula ujao haijapangwa, maana ikishabandikwa ukutani kila Jumatano itakuwa na mwenyewe. Akikataa saa mbili, omba moja. Akikataa hiyo pia, anza na dakika thelathini kabla hujafungua mlango asubuhi, endelea na daftari, na umpelekee orodha tena mwisho wa muhula.